Mbuzi, Maharage na Kanuni ya Sini

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniomba mara mbili niandike neno juu ya somo la hesabu, na mara zote mbili nimemjibu kwamba sina nafasi. Ukweli ni kwamba nafasi ninayo. Kilichonizuia ni haya. Jambo moja tu juu ya hesabu ndilo ninaloona lafaa kuandikwa hapa, nalo ni habari ya kosa langu mwenyewe, na mwalimu hapendi kuandika habari za makosa yake mahali ambapo wanafunzi wake na wazazi wao watazisoma. Lakini wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Basi safari hii nimekubali.

Nafundisha hesabu katika shule hii yetu hapa Kamachumu, na kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne wafikapo kwenye sura ya pembetatu huwafundisha kanuni mbili: kanuni ya sini na kanuni ya kosini. Wazazi ambao hawakuzisoma, au waliozisoma zamani wakazisahau, nawaomba wanivumilie kidogo nieleze maana yake. Kila mtu ajua kwamba pembetatu ina pande tatu na pembe tatu. Sasa, ukijua baadhi ya vitu hivyo sita, waweza kuvipata vilivyobaki bila ya kuvipima. Fundi ajengaye paa, mpimaji wa mashamba, nahodha aliye majini, wote hao hukutana na upande ambao kamba haiwezi kufika, ama kwa sababu ya bonde, ama kwa sababu ya maji. Kanuni hizi mbili ndizo zinazoifikisha akili mahali ambapo kamba imeshindwa. Kanuni ya sini yasema kwamba katika pembetatu yo yote, ukigawanya urefu wa kila upande kwa sini ya pembe inayoukabili, utapata jibu moja kwa pande zote tatu. Hiyo ndiyo yote. Mtoto aweza kuikariri kwa dakika tano.

Na huko kuikariri kwa dakika tano ndiko kulikoniponza.

Kwa muda wa miaka kumi na mmoja nilifundisha kanuni hii kwa njia moja. Niliingia darasani, nikaandika kanuni ubaoni, nikaizungushia sanduku kwa chaki ya rangi, nikasema, "Hii ishikeni." Kisha nikafanya mfano mmoja, nikafanya wa pili, nikawapa maswali kumi. Kwa kuwa masomo yetu ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, wanafunzi wasikiapo neno lile masikioni mwao hulisikia "saini", kana kwamba ni saini atiayo mtu kwenye hati. Mwaka mmoja kijana aliniuliza, "Mwalimu, hii pembe inasaini nini?" Darasa likacheka, nami nikacheka, tukaendelea. Sasa naona kwamba siku ile nilipaswa kusimama. Yule kijana alikuwa akiniambia kwa mzaha kwamba hajui tunazungumza juu ya kitu gani.

Ilikuwa katika jaribio la katikati ya muhula. Niliweka swali hili, nalo lilikuwa na alama sita: Katika pembetatu ABC, pembe A ni nyuzi 30, upande AC ni mita 10, na upande BC ni mita 7. Tafuta ukubwa wa pembe B.

Wanafunzi waliojua kanuni walifanya kama nilivyowafundisha. Sini ya nyuzi 30 ni nusu. Nusu mara 10 ni 5. Gawanya 5 kwa 7, utapata 0.7143. Fungua kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, tafuta pembe ambayo sini yake ni hiyo, utaona nyuzi 45 na dakika 35. Nikawapa alama sita, nikaridhika.

Lakini binti mmoja, ambaye hakuwa akitajwa miongoni mwa wanafunzi hodari wa hesabu, aliandika kwamba pembe B ni nyuzi 134 hivi. Hakuwa ametumia kanuni. Alikuwa amechora pembetatu yenyewe kwa rula na bikari, sentimita moja kwa kila mita, akaipima pembe kwa kipimapembe. Nilitazama jibu, nikaona si nyuzi 45, nikapiga mstari mwekundu wa kukata, nikaandika sifuri. Pembeni nikaongeza maneno haya: "Tumia kanuni, usichore-chore."

Kesho yake alikuja kwenye chumba cha walimu. Akabisha hodi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu, naomba kuuliza juu ya swali la nne. Nimelichora tena jana usiku. Bado napata pembe ileile."

"Umesahau kutumia jedwali. Jedwali lasema nyuzi 45."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini nilipoipima..."

Nikamkatiza. Nikamwambia kwamba mchoro hudanganya, ila kanuni haidanganyi. Kwamba kipimapembe cha shilingi chache hakiwezi kushindana na majedwali yaliyokokotolewa na wataalamu. Na kwamba kama ana nafasi ya kuchora usiku, afadhali aitumie kukariri. Walimu wenzangu waliokuwamo wakatabasamu. Yule binti akasema, "Asante, mwalimu," akapokea karatasi yake kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akaenda zake. Tangu siku ile hakuinua mkono tena darasani mwangu.

Jambo lingeishia hapo, kama si mbuzi.

Nyuma ya mabweni kuna bustani ya shule, na katika muhula ule tulikuwa tumepanda maharage. Mstari wa mwisho wa maharage umenyooka sambamba na njia ya miguu, kuanzia kwenye nguzo ya pembeni ya ua. Ng'ambo ya njia ni nyasi, na hapo mzee mmoja jirani yetu hufunga mbuzi wake, kwa kuwa ndani ya kibanja chake, chini ya migomba na mibuni, hana mahali pa kumlishia. Jumamosi moja zamu ya bustani ilikuta maharage ya mstari ule yameliwa. Kiranja akadai kwamba walioliwa maharage ni wazembe wasiolinda. Mabishano yakawa makubwa hata nikaitwa, kwa maana ndimi niliyekuwa mwalimu wa zamu.

Nilipofika nilimkuta mzee amekwisha kuja, amesimama akiishika kamba ya mbuzi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Najua umekuja kwa habari ya mbuzi. Lakini mimi nimemfunga mbali. Angalia mwenyewe, kutoka kigingi mpaka nguzo ya ua wenu ni hatua kumi na zaidi, na kamba yangu haifiki huko."

Na kweli, maharage yaliyokuwa karibu na nguzo yalikuwa salama. Mzee alikuwa na haki kwa upande wa nguzo. Lakini mbele kidogo ya nguzo uharibifu ulianza, ukaendelea kwa hatua kadhaa, kisha ukakoma ghafla, na baada ya hapo maharage yalikuwa mazima tena hadi mwisho wa mstari.

Yule binti alikuwa katika zamu ile. Alimwamkia mzee, akamwomba kamba, akaivuta hadi ikakaza, akaenda nayo mpaka mahali maharage yalipoanza kuliwa. Ncha ya kamba ikagusa pale pale. Kisha, kamba ikiwa bado imekaza, akazunguka nayo mpaka mahali uharibifu ulipokoma. Ncha ikagusa tena pale pale. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi, binti yangu, umenishinda. Nitatoa maharage mengine." Wenzake wakapiga makofi kwa sababu kesi imekwisha.

Lakini yeye hakuwa akimtazama mzee. Alinitazama mimi, mara moja tu, kisha akainamisha macho. Hakusema neno. Wala haikuhitajika neno. Nguzo ni A, kigingi ni C, kamba ni upande BC. Umbali wa nguzo na kigingi ni mmoja, pembe iliyoko kwenye nguzo ni moja, kamba ni ileile moja, lakini mahali pa B ni pawili.

Jioni ile nilikaa nyumbani kwangu nikiwa na rula na bikari, vitu ambavyo sikuwa nimevishika kwa miaka mingi isipokuwa ubaoni. Nikachora swali langu mwenyewe. Nikaweka nyuzi 30 kwenye A, nikapima sentimita 10 hadi C, nikafungua bikari kwa sentimita 7, nikazungusha. Bikari ikaukata mstari mara mbili. Penye mkato mmoja pembe B ni nyuzi 45 na dakika 35, na B iko mita 13.56 kutoka A. Penye mkato wa pili pembe B ni nyuzi 134 na dakika 25, na B iko mita 3.76 tu kutoka A. Ukijumlisha pembe hizo mbili utapata nyuzi 180 kamili. Zote mbili ni pembetatu halali. Swali langu lilikuwa na majibu mawili, nami nilikuwa nimetoa alama sita kwa jibu moja na sifuri kwa jingine.

Wasomaji wapenzi, sikuona usingizi mapema usiku ule. Si kwa sababu ya alama sita. Alama sita waweza kuzirudisha kwa kalamu. Nilikuwa nikifikiri juu ya karatasi nyingine. Swali la namna ile nimelitoa karibu kila mwaka kwa miaka kumi na mmoja. Je, ni wangapi waliochora, wakaona kwa macho yao jambo la kweli, nami nikawakata kwa wino mwekundu? Wengine wamekwisha oa na kuolewa, wengine wako visiwani wakivua, wengine wako mijini. Wengi wao husema, kama wasemavyo watu wengi katika nchi yetu, "Mimi hesabu zilinishinda." Siwezi kuwatafuta mmoja mmoja. Labda zilizowashinda si hesabu, bali ni mimi.

Jumatatu asubuhi niliingia darasani nikafuta ubao wote. Nikawaambia wanafunzi, "Katika jaribio lililopita, swali la nne, mwalimu wenu alikosa." Nikamtaja yule binti kwa jina, nikasema kwamba jibu lake ni sahihi, kwamba alikuja kuniambia, nami sikumsikiliza. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Darasa lilinyamaza kimya, hata ukasikia upepo kwenye mabati. Nilikuwa nimeogopa kwamba baada ya siku ile hawataniheshimu. Kinyume chake ndicho kilichotokea: kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, mikono saba iliinuka kwa mkupuo, na kila mmoja alikuwa na swali.

Kisha tukatoka nje. Tukapigilia kigingi kwenye rweya, mahali penye nyasi fupi, tukanyosha kamba ndefu chini iwe badala ya mstari wa maharage, tukapima ili vipimo vilingane na vya swali langu: mita 10, nyuzi 30. Mwanafunzi mmoja akaishika kamba ya pili badala ya mbuzi, na wenzake wakamtania kwa mlio wa mbuzi mpaka somo likaisha. Nikawauliza: "Kamba ikiwa mita 4, mbuzi atakula maharage?" Wakajaribu, haikufika. Kwa nini? Hapo ndipo yule binti akasema, "Kwa sababu kutoka kigingi mpaka mstari, kwa njia ya mkato kabisa, ni mita 5." Naam. Umbali huo mfupi kuliko wote ndio kimo cha pembetatu, nao ni mita 10 mara sini ya nyuzi 30. Kamba ikiwa mita 5 barabara, mbuzi atagusa mche mmoja tu. Ikizidi 5 lakini isifike 10, itagusa mahali pawili. Ikizidi 10, mbuzi ataipita nguzo yenyewe, na upande wa maharage patabaki mahali pamoja tu. Hayo mambo manne yameandikwa katika vitabu, nami nilikuwa nimeyasoma chuoni nikayasahau, kwa sababu niliyakariri. Wale watoto hawatayasahau, kwa sababu waliyatembea.

Na ajabu ni hii, kwamba kimo kile ndicho kanuni yenyewe. Mita 5 zile waweza kuzipata kutoka upande wa A, yaani upande AC mara sini ya A. Waweza pia kuzipata kutoka upande wa B, yaani kamba mara sini ya B. Kimo ni kimoja. Basi hesabu hizo mbili ni lazima ziwe sawa. Hiyo ndiyo kanuni ya sini, haina siri nyingine. Kumbe sanduku langu la chaki ya rangi lilikuwa limefungwa, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho mtoto aweza kukionyesha kwa kidole.

Huenda mtu atauliza: je, jedwali lilidanganya? La hasha. Jedwali halisemi uongo, ila halisemi yote. Limeandikwa kwa pembe za kuanzia nyuzi 0 hadi 90 tu, kwa hiyo ukiliuliza pembe, litakupa pembe kali. Pembe butu yenye sini ileile ni juu yako wewe kuikumbuka. Mtumishi huleta alichoagizwa. Anayeagiza ndiye apaswaye kujua anataka nini. Hata mashine za kukokotoa zina tabia hiyohiyo.

Kanuni ya kosini haina udhaifu huo, maana kosini ya pembe butu ni hasi, hivyo pembe kali na pembe butu hazifanani machoni pake. Lakini nayo ina mtego wake, na tuliuona wiki iliyofuata. Karibu na shule kuna kibonde chenye matope, na juu yake mikaratusi miwili, mmoja huku na mmoja kule. Nikawaambia watafute umbali wa mti hadi mti bila ya kuingia katika matope. Wakasimama mahali pakavu ambapo waliweza kuiona miti yote miwili na kuiendea. Wakapima kwa kamba: mti wa kwanza mita 80, mti wa pili mita 50. Pembe kati ya njia hizo mbili waliipima kwa ubao tulioutengeneza wenyewe, wenye nusu duara, msumari katikati na uzi: nyuzi 120.

Kanuni yasema: chukua mraba wa 80, nao ni 6,400, ongeza mraba wa 50, nao ni 2,500, jumla 8,900. Kisha toa mara mbili ya 80 mara 50 mara kosini ya pembe. Kosini ya nyuzi 120 ni hasi nusu. Kundi moja lilisahau ile hasi, likatoa 4,000, likapata 4,900, na kipeuo chake cha pili ni 70 kamili. Jibu zuri, la namba kamili, lisilo na desimali! Wakafurahi. Kundi la pili walikumbuka kwamba kutoa hasi ni kuongeza, wakapata 12,900, na kipeuo chake ni 113.6 hivi.

Zamani ningesema nani kapata na nani kakosa. Siku ile nilinyamaza. Wakabishana wenyewe, mpaka kijana mmoja akasema, "Haiwezi kuwa mita 70. Hii pembe ndiyo kubwa kuliko zote, na upande unaoikabili ni lazima uwe mrefu kuliko zote. Mita 70 ni fupi kuliko 80." Wale wa kundi la kwanza wakatazama kibonde, wakatazama karatasi yao, wakaifuta. Kiangazi matope yalipokauka tulipitisha kamba moja kwa moja kutoka mti hadi mti. Tulipata mita 114 na kitu kidogo. Sijapata kusikia kelele za furaha kama zile katika somo la hesabu.

Nimewaambia pia wanafunzi wangu kwamba kanuni hizi hazikuzaliwa katika vitabu vya mtihani. Euclid, Mgiriki aliyeandika yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliieleza maana ya kanuni ya kosini katika kitabu cha pili cha mafundisho yake, pasipo kutaja kosini, naye aliieleza mara mbili: mara moja kwa pembe butu na mara moja kwa pembe kali. Kanuni ya sini ilielezwa vizuri na Nasir al-Din al-Tusi, Mwajemi aliyeishi kati ya 1201 na 1274. Neno lenyewe limesafiri kuliko watu wengi: Wahindi waliuita mstari ule kwa jina la upote wa upinde; Waarabu wakalichukua neno la Kihindi kwa sauti yake, likaja kusomwa kama neno lao wenyewe lenye maana ya mfuko au kifua cha nguo; watafsiri wa Kilatini wakalifasiri kwa neno lao, *sinus*. Basi yule kijana aliyeuliza pembe inasaini nini hakuwa wa kwanza kuchanganyikiwa na neno hili. Mataifa matatu yalimtangulia.

Wala si mambo ya mbali tu. Ramani za nchi yetu zimesimama juu ya pembetatu. Mwaka 1879 David Gill, mtaalamu wa nyota huko Cape, alitoa shauri la kuipima Afrika kwa mnyororo wa pembetatu kutoka kusini hadi Misri, ukifuata karibu na mstari wa longitudo ya nyuzi 30. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa na kikosi cha Martin Hotine, askari mhandisi wa Kiingereza, kati ya 1931 na 1933, na kipande cha mwisho, huko Sudan, kilikamilika mwaka 1954. Kazi yao ilikuwa hii: kupima upande mmoja chini kwa uangalifu mkubwa, kisha kupanda mlima hadi mlima wakipima pembe tu, na pande zilizobaki kuzipata kwa kanuni ya sini. Kutokana na kazi hiyo ulitengenezwa mfumo uitwao Arc 1960, ambao ramani nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa juu yake. Siku hizi wapimaji hutumia satelaiti, lakini nguzo za zege za upimaji bado zipo juu ya vilima vingi. Mwanafunzi aionapo moja asidhani ni kaburi.

Yule binti hakugeuka akawa wa kwanza darasani. Hadithi za namna hiyo ni za vitabuni. Lakini aliinua mkono tena. Katika mtihani wa mwisho wa muhula aliandika majibu mawili mahali palipotaka mawili, na jibu moja mahali palipotaka moja, na chini yake akaeleza kwa nini. Hayo maelezo ya mistari mitatu niliyasoma mara mbili, si kwa kuyasahihisha, bali kwa kujifunza.

Kwa wanafunzi nasema: kanuni ikitofautiana na macho yako, usiyatupe macho yako upesi, wala usiitupe kanuni. Chora, pima, uliza; na ukikatizwa mlangoni, rudi tena. Kwa walimu wenzangu nasema: kabla ya kukata kwa wino mwekundu, tumtake mtoto aseme alikopita. Na kwa wazazi: mtoto akija likizo akaomba kamba, kigingi na nafasi karibu na mbuzi, msimfukuze mkidhani anacheza.

Mzee jirani yetu alitimiza ahadi yake, akatuletea maharage. Mbuzi siku hizi anafungwa kwa kamba fupi zaidi. Mzee aliniuliza aikate kwa kipimo gani, nami sikumjibu. Nilimpeleka kwa yule binti.